Eathi, Fyuzi na Mikono Iliyotangulia: Historia ya Hitilafu Ndogo za Umeme katika Land Rover

Land Rover ilipooneshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, umeme ulikuwa sehemu ndogo sana ya gari hilo, na waliolibuni hawakukusudia uwe vinginevyo. Maurice Wilks, mkuu wa usanifu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia jeep iliyobaki vitani kwenye shamba lake katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na alichokitafuta pamoja na kaka yake Spencer, aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo, kilikuwa chombo cha mkulima: injini ya petroli ya lita 1.6, magurudumu manne yenye nguvu, na bodi ya aloi ya alumini iliyochaguliwa kwa sababu chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kibali nchini Uingereza baada ya vita. Umeme wa volti 12 ulihudumia stata, cheche za plagi, honi, kipangusa kioo na taa chache, na endapo betri ingekufa, bampa la mbele lilikuwa na tundu la kupitishia mpini wa kuzungushia injini kwa mkono. Katika gari la namna hiyo mnunuzi angeweza kuufuata mfumo mzima wa umeme kwa macho, waya kwa waya, mchana mmoja ukamtosha.

Hata hivyo ni gari hilohilo, na warithi wake, lililozaa mlolongo mrefu wa hitilafu ndogo ambazo kila mmiliki mpya amezikuta: taa inayofifia, honi inayolia gari linapokata kona, fyuzi inayokatika bila sababu ya wazi, betri inayolala nzima na kuamka tupu. Historia ya hitilafu hizo inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa kwenye maungio kuliko kwenye vifaa vyenyewe, kwa maana dainamo, swichi na taa mara nyingi zilikuwa zima, na kilichoharibika kilikuwa mahali waya ulipokutana na chuma, au mahali mkono wa mtu aliyelimiliki gari hapo awali ulipoongeza waya mwingine juu ya ule wa kiwandani. Kwa sababu hiyo, anayetafuta hitilafu katika gari lililonunuliwa karibuni hulazimika kusoma mambo mawili kwa pamoja, yaani mpango wa waliolitengeneza na maamuzi ya waliolitumia.

Asili ya mfumo wenyewe ni ya kale kuliko gari. Betri ya risasi na asidi, yenye bamba za madini ya risasi zilizozamishwa katika asidi ya salfuriki, ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering wa Marekani iliingia katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Na kampuni ya Joseph Lucas ya Birmingham, iliyoanza katika karne ya 19 kwa biashara ya mafuta ya taa, kisha taa za meli na za baiskeli, ilikuwa kufikia miaka ya 1930 imekwisha kuwa mtengenezaji mkuu wa vifaa vya umeme vya magari ya Uingereza. Kiwanda cha Rover kilikuwa Solihull, jirani kabisa na Birmingham, na Land Rover ikapewa dainamo, kidhibiti chaji na swichi za ukoo uleule uliotumika katika magari ya mjini. Jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa kifaa kilichosanifiwa kwa ajili ya lami kilifungwa kwenye gari lililokusudiwa kuvuka mito na kutikisika siku nzima shambani, na mtikisiko, kabla haujavunja kitu, hulegeza skrubu.

Uamuzi wa kutumia volti 12 ulikuwa wenyewe hatua ya mbele. Jeep za vita zilitumia volti 6, na taa yenye nguvu ileile ikiwashwa kwa volti 6 huhitaji mkondo mara mbili ya ule wa volti 12, hivyo kila muungano wenye kutu hupoteza umeme mwingi zaidi. Land Rover za jeshi la Uingereza zilizoandaliwa kubeba redio zilipanda hadi volti 24, na zile zilizouzwa baadaye kwa raia ziliwaletea wanunuzi wasio na habari taabu ya aina yake, maana balbu au redio ya volti 12 ikifungwa humo huungua papo hapo.

Ili fundi aweze kuufuata umeme, Lucas ilitumia utaratibu wa rangi ambao baadaye uliwekwa katika viwango rasmi vya Uingereza. Waya wa kahawia ulibeba umeme wa moja kwa moja kutoka betrini bila kupitia fyuzi; mweupe ulipata umeme baada ya ufunguo kuwashwa; wa kijani ulitoka kwenye fyuzi iliyotegemea ufunguo, na wa zambarau kwenye fyuzi yenye umeme wakati wote; wa buluu ulikwenda kwenye taa kubwa, mwekundu kwenye taa ndogo za pembeni na za nyuma, na mweusi ulirudisha mkondo kwenye bodi. Mstari mwembamba wa rangi ya pili ulieleza zaidi, kwa mfano buluu yenye mstari mweupe kwa taa ndefu na buluu yenye mstari mwekundu kwa taa fupi. Huu ulikuwa mpango wa busara sana, na aliyeushika kichwani aliweza kufungua gari lolote la Uingereza la enzi hizo akajua anashika nini. Udhaifu wake ulikuwa wa kimaumbile: nyaya za Land Rover za kwanza zilivikwa mpira na kusukwa kwa uzi wa pamba, na pamba hiyo ilipokwisha kunywa mafuta, vumbi na matope kwa miaka kumi, kahawia, zambarau na nyeusi zote zilifanana, ikambidi fundi akwangue kidogo karibu na ncha, mahali uchafu haukufika, ili aione rangi ya awali.

Fyuzi, yaani kipande cha waya mwembamba kinachokatika kwa makusudi mkondo ukizidi, zilikuwa chache mno kwa kipimo cha leo. Kisanduku cha Land Rover za Series II na IIA, zilizotoka kuanzia mwaka 1958, kilikuwa na fyuzi mbili tu za kioo, na taa kubwa hazikupitia hata moja kati ya hizo. Waliopanga hivyo walihofia kwamba fyuzi ya taa ikikatika usiku dereva angebaki gizani ghafla, hoja isiyo ya kipuuzi, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba shoti, yaani mkondo kuruka njia na kugusa bodi kabla ya kufika kwenye balbu, ikitokea katika waya wa taa, kilichoungua ni waya wenyewe. Aidha, vitu vingi viliegemea fyuzi moja, kiasi kwamba vifaa kadhaa vingeweza kunyamaza kwa pamoja, na fundi asiyejua mgawanyo huo angebadilisha vifaa vitatu vizima kwa sababu ya kipande kimoja cha kioo. Tabia iliyoenea ya kuifunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliondoa kinga iliyosalia, na anayenunua Land Rover ya miaka hiyo hana budi kuikagua fyuzi kabla ya kitu kingine chochote.

Sehemu yenye mengi zaidi katika historia hii ni eathi. Mkondo wa umeme hauna budi kurudi ulikotoka, na katika magari karibu yote njia ya kurudia si waya bali bodi na chesisi, ambazo hufungwa kwenye ncha moja ya betri. Mafundi huiita njia hiyo eathi ingawa haina uhusiano wowote na ardhi. Katika gari la chuma kitupu mpango huo hukubali kupuuzwa kwa muda mrefu. Land Rover ilikuwa na chesisi ya chuma, ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, na bodi ya alumini iliyokazwa juu yake kwa boliti, na metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi, hutokea kati yao mmenyuko wa kikemia unaoila alumini na kuacha unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Taa ya nyuma iliyotegemea boliti ya bawa la alumini kama njia yake ya kurudia ilipoteza njia hiyo polepole, mwaka baada ya mwaka, bila waya wowote kukatika.

Hesabu ya hasara hiyo ni rahisi. Taa kubwa mbili za wati 60 kila moja, kwa volti 12, huvuta ampia 10 kwa jumla; endapo muungano wa eathi una ukinzani, yaani uzuiaji wa mkondo, wa omu 0.2 pekee, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, karibu volti 2 hupotelea hapo kabla ya kuifikia balbu. Kwa kuwa mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kubwa kuliko volti, balbu ya volti 12 iliyopewa volti 10 hutoa takribani nusu tu ya mwanga wake. Wamiliki wengi waliilaumu dainamo, wakainunua nyingine, na taa zikabaki vilevile.

Dalili nyingine ya eathi mbovu iliwachanganya hata mafundi wazoefu. Balbu kadhaa za nyuma hutumia nukta moja ya kurudishia mkondo, na nukta hiyo ikifa, mkondo wa taa ya kuonesha kona hutafuta njia kupitia uzi wa balbu ya jirani, hivyo taa ya breki ikamulika hafifu kwa mapigo yaleyale ya taa ya kona, na kukanyaga breki kukazima kitu kisichohusiana nayo kabisa. Anayeona mambo hayo hudhani nyaya zimechanganywa na huanza kuzikata, na kila anapokata huliongezea gari hitilafu ya kweli juu ya ile ya dhahania. Tiba ilikuwa kuchukua waya mmoja, kuugusisha kwenye mwili wa taa na ncha nyingine kwenye chuma safi cha chesisi, na kutazama kama taa inajirekebisha. Dakika mbili za jaribio hilo ziliokoa siku nzima ya kubahatisha, na inasikitisha kwamba maarifa mepesi kiasi hicho yaliwafikia wamiliki wachache.

Eathi ilikuwa na fumbo jingine la kihistoria. Viwanda vya Uingereza katika miaka ya 1930 vilihamia kwenye desturi ya kufunga ncha chanya ya betri kwenye bodi, na Land Rover ilizaliwa ndani ya desturi hiyo, ikabaki nayo hadi katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, ilipogeuzwa na ncha hasi ikachukua nafasi hiyo kama ilivyo katika magari yote ya leo. Mageuzi yalisukumwa na redio za transista na hasa na alteneta, jenereta inayozalisha mkondo geu kisha kuunyoosha kwa dayodi, ambazo ni vipande vinavyoruhusu mkondo kupita upande mmoja tu. Dainamo ya zamani ilivumilia betri kufungwa kinyume: iligeuzwa mwelekeo kwa kugusisha ncha yake ya F, ile ya sumaku za ndani, kwenye umeme wa betri kwa sekunde moja tu. Alteneta haina uvumilivu huo, na dayodi zake huungua mara moja. Series III ya mwaka 1971 ilipokuja na alteneta kama kifaa chake cha kawaida, barabarani palikuwa na magari yanayofanana kwa sura, mengine yakiwa na eathi chanya, mengine hasi, na mengine yaliyogeuzwa na wamiliki bila kuacha alama yoyote. Mnunuzi aliyeunganisha betri mpya kwa mazoea, bila kufuata kwanza waya mnene ulioingia kwenye chesisi, alilipia haraka yake.

Injini ya dizeli, iliyoanza kutolewa katika Land Rover mwaka 1957, iliondoa kundi zima la hitilafu, kwa sababu dizeli huwaka kwa joto la mgandamizo na haihitaji vifaa vya cheche, yaani koili, platini na distribyuta. Maji ya mto yaliyorushwa na feni juu ya distribyuta, ambayo yalizima injini nyingi za petroli katikati ya vivuko, hayakuidhuru. Badala yake zilikuja plagi za joto, zinazopasha chumba cha mwako kabla ya kuwasha asubuhi ya baridi. Katika injini hizo za mwanzo plagi nne zilifungwa kwa mfululizo, mkondo ukipita ya kwanza ndipo ufike ya pili, na moja ikikatika zote hufa. Fundi aliiwasha sakiti, akachukua kipande cha waya mnene na kuiruka plagi moja baada ya nyingine, akitazama taa ndogo ya dashibodi. Ile ambayo ikirukwa taa huwaka ndiyo iliyokufa. Njia hiyo haikuhitaji mita wala kitabu, na ufundi wa namna hiyo unastahili kuandikwa kwa heshima sawa na michoro ya wahandisi.

Afrika Mashariki iliipokea Land Rover mapema, na katika miongo ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya uhuru gari hilo lilikuwa la polisi, la mabwana shamba, la idara za wanyamapori, la hospitali na la misheni. Nchini Kenya kiwanda cha Leyland Kenya, kilichoanzishwa Thika mwaka 1974, kilikuja kuunganisha Land Rover miongoni mwa magari mengine. Magari ya serikali, ya namba za GK huko Kenya na za ST huko Tanzania, yalipochakaa yaliuzwa mnadani, na hapo ndipo gari jipya la mnunuzi binafsi lilipoanza maisha yake ya pili likiwa limebeba alama za yale ya kwanza. Redio ya mawasiliano iliyong'olewa iliacha waya mnene wenye umeme, umekatwa na kuzungushiwa tepu; king'ora kiliacha swichi isiyo na kazi; taa ya kumulika wanyama usiku iliacha tundu kwenye ukuta wa chuma, na waya uliopitishwa humo bila mpira wa kuukinga ulisuguliwa na ukingo wa chuma hadi ukagusana na bodi. Shoti ya namna hiyo hutokea gari linaporuka shimo na kutoweka linaposimama, na ndiyo sababu fyuzi ilikatika njiani lakini haikukatika gereji.

Katika mazingira ya jua kali, yaani gereji za wazi za mitaani, ambako michoro ya nyaya ilikuwa adimu na vipuri vya asili ghali, mafundi umeme walijijengea utaratibu wao. Chombo kikuu kilikuwa testa, balbu ndogo yenye waya na kibanio upande mmoja na ncha kali upande mwingine, na kazi ilianzia betrini: vichwa vya betri vilifunguliwa na kusuguliwa hadi risasi ing'ae, kisha waya wa eathi ukafuatwa hadi mwisho wake. Stata iliyotoa mlio mmoja bila kuzungusha ilipimwa kwa kuwasha taa kubwa na kugeuza ufunguo. Taa zikizimika kabisa, muungano wa betri ulishukiwa au betri yenyewe ilikuwa tupu, na zikibaki na mwanga wake wote, macho yalihamia kwenye stata na swichi yake. Mafundi hao walifundishana kwa kutazamana, mwanagenzi akishika testa na bwana wake akigeuza swichi, na vyuo vya ufundi, vikiwemo vile vya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 1994, vilikuta elimu hiyo imekwisha kukomaa mitaani. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa mazoea ya kuunga waya moja kwa moja ili mteja aondoke. Kila njia ya mkato iliyofaa siku hiyo ilikuwa kitendawili kwa fundi wa mnunuzi aliyefuata, na rangi za Lucas, zilizokusudiwa kumwongoza mgeni, zilizikwa chini ya nyaya nyekundu zilizotumika kwa kazi zote.

Magari yaliyotumika kutoka Japani, yaliyoongezeka kwa kasi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam baada ya biashara kulegezwa, yalileta hitilafu ambazo kwa kweli hazikuwa ubovu. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya 76 hadi 90 MHz, ilhali vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 88 na 108, hivyo redio nzima ilionekana mbovu hadi ilipofungiwa kifaa cha kuhamisha masafa. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizouzwa katika soko la Japani zilitumia betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo ili kupata volti 24, na aliyechukua volti 12 za redio kutoka betri moja kati ya hizo aliifanya betri hiyo ichoke kabla ya mwenzake, kisha zote mbili zikaharibika kwa kuchajiwa bila usawa. Hata mfuniko wa kisanduku cha fyuzi, ambao mara nyingi ulikuwa na maandishi ya Kijapani, ulimlazimu fundi kutambua fyuzi kwa kuzichomoa moja moja.

Mwaka 1998 Land Rover ilitoa injini ya Td5, dizeli ya silinda tano iliyodhibitiwa na kompyuta, na kwa mara ya kwanza wamiliki wa Defender, mrithi wa magari ya Series, waliambiwa kwamba gari lao lina kumbukumbu ya makosa inayosomwa kwa mashine. Hitilafu yake iliyopata umaarufu mkubwa ilikuwa ya kale kwa asili: nyaya za vichoma dizeli (injekta) zilipita ndani ya mafuta ya injini, mafuta yakanyonywa taratibu katikati ya nyuzi za shaba, yakasafiri urefu wote wa waya hadi kwenye soketi ya kompyuta iliyoko chini ya kiti, na hapo yakaharibu mguso wa pini. Gari lilikohoa na kukosa nguvu, mashine ikasoma makosa ya vichoma dizeli, na waliotii mashine walivibadilisha kwa gharama kubwa. Waliochomoa soketi hiyo, yenye rangi nyekundu, na kuikuta imelowa mafuta waliisafisha, wakabadilisha waya wa ndani ya injini, na gari likarudi katika hali yake.

Kuhusu betri inayolala nzima na kuamka tupu, magari yenye kompyuta yamebadilisha namna ya kuchunguza. Katika Series II fundi aliondoa waya mmoja wa betri, akaweka testa kati yake na betri, na testa ikiwaka wakati swichi zote zimezimwa alijua mkondo unavuja, akachomoa fyuzi hadi izime. Katika Defender za kizazi kilichoanza kuundwa huko Nitra, Slovakia, baada ya uzalishaji wa Defender za zamani huko Solihull kukoma tarehe 29 Januari 2016, kompyuta nyingi zinazowasiliana kwa nyaya mbili hubaki macho kwa muda baada ya milango kufungwa, na kipimo kinachochukuliwa mapema huonesha mkondo mkubwa usio na kosa lolote. Kwa hiyo mita ya ampia hufungwa, milango na boneti hufungwa au loki zake hudanganywa kwa bisibisi, na gari huachwa hadi mifumo yote ilale. Mkondo unaobaki hapo kwa kawaida hautakiwi kuzidi sana miliampia 50, kiasi ambacho hata hivyo hula ampia 1.2 za saa kila siku, na katika mwezi mmoja wa kuegeshwa humaliza nusu ya betri ya ampia 70 za saa. Ukizidi hapo, kinachoshukiwa kwanza katika gari lililonunuliwa karibuni ni kifaa kilichoongezwa na mmiliki aliyepita, kama vile kifaa cha kufuatilia gari, king'ora cha wezi au taa za ziada, na uchunguzi huanzia pale waya wake ulipoungwa kwenye ule wa kiwandani.